Dakika Mia na Kumi

Nianze na upepo,
maana Punta Arenas huanzi na jambo jingine.
Huku miti hukua imeinama
kama mtu aliyeangusha ufunguo,
na manispaa imefunga kamba kando ya njia
wazee washike, wasipeperushwe.

Upepo huo ndio ulioirudisha ndege ya Hortensia Vukasović.
Jumanne. Kule Santiago, saa tatu na nusu za kuruka,
dozi yake ilikwisha pikwa alfajiri:
sukari yenye florini, ndani ya kopo la risasi,
risasi isiyoua, inayolinda,
na jina lake juu ya kibandiko.
Dakika mia na kumi, ikabaki nusu.
Mia na kumi nyingine, robo.
Haba na haba, kibaba kikaisha.
Naye yuko bado uwanjani, mkoba magotini,
amefunga tangu usiku, hajaonja hata mkate.
Alipopata nafasi nyingine mwezi ulikuwa umepita,
na uvimbe haukusubiri zamu.

Mimi nilikuwa mfamasia wa ghorofa ya pili,
kazi yangu vidonge na sirapu.
Nikaandika barua.
Ya tisa ikajibiwa.

Tukachimba nyuma ya dobi la hospitali.
Eleuterio Barría, msimamizi wa zege,
alinisikiliza nikieleza kuta za mita mbili,
akauliza: "Mnafuga nini humo, simba?"
Nikamwambia: protoni. Haidrojeni iliyovuliwa nguo,
ikazungushwa na sumaku mpaka ikashikwa na wazimu,
kisha ikarushwa kwenye maji kidogo,
kijiko hakijai.
"Zege lote hili kwa kijiko cha maji?"
"Lote."
Akawasha sigara, akaikinga kwa kofia.
"Basi tutamwaga bila kusimama.
Zege ukiliacha lilale katikati, huweka kinyongo."

Walimwaga saa thelathini na moja, Julai,
barafu ikiota ndevu kwenye mbao.
Usiku wanawake wa wodini wakaleta blanketi,
zile zilizochakaa, zenye mhuri wa hospitali.
Wajenzi wakanyoosha mikono.
Hazikuwa zao.
Walilifunika zege,
wakalichomekea pembeni kama mtoto wa homa.

Sumaku ilikuja kwa meli, tani ishirini na mbili,
na mlango ukapungua vidole vinne.
Kosa langu. Nilisoma mchoro uliofutwa.
Eleuterio alibomoa alichokijenga
na wiki nzima hakunisalimu.

Halafu mapishi.
La kwanza tulilimwaga, na la pili.
La tano lilikuwa safi ila lilichelewa,
na dawa hii ikichelewa ni maji ya chumvi.
Mkaguzi, Fresia Quilodrán, kalamu nyuma ya sikio,
alikuwa na neno moja: "Tena."
Tena. Tena. Nililala nikisikia pampu.
Subira, walisema, huvuta heri.
Waliosema hawakuwa na florini mkononi.

Kisha usiku mmoja wa Septemba, saa tisa,
Fresia akatia sahihi bila kuinua kichwa.

Nilihesabu hatua kutoka chumba cha risasi hadi kitanda:
sitini na nne. Nilizipiga mbio,
kopo likinivuta bega.
Kitini, Nibaldo Oyarzún, mkata manyoya wa kondoo
kutoka ng'ambo ya mlango-bahari,
viganja laini kwa mafuta ya sufu.
Aliuliza jambo moja tu:
atawahi kivuko cha saa nane mchana?

Kwenye kioo akawaka: ubongo, moyo, kibofu,
na chini ya kwapa la kushoto
punje, kama dengu.
Daktari akaisogelea. Hakusema kitu. Akavuta kiti.

Kivuko hakikuondoka; upepo.
Nibaldo akalala kwenye benchi la korido, buti miguuni,
na ndani yake ile taa yetu ikawa inazimika,
nusu, nusu ya nusu,
pasipo kumwamsha.